Karata za Mama Watoto

Machi ile barabara ya kutoka Ifakara ilikuwa tope tupu. Kompyuta yetu ya mtumba iliingia kijijini kwetu Namawala kwa bodaboda, imeviringishwa turubai la kuanikia mpunga, binti yetu wa kidato cha nne ameipakata. Tuliinunua kwa ajili ya hesabu za kikoba. Mama watoto ndiye katibu, na daftari lake lilikwishaliwa na mchwa.

Siku ya tatu natoka shamba namkuta katibu anacheza karata! Saba ya kopa anaivuta taratibu, ulimi nje, anaitua juu ya nane ya shupaza. Nikafoka: fedha za mpunga ndizo zilizoishia kwenye karata?

“Baba, mama anajifunza kushika kipanya,” binti akasema. “Bonyeza, shikilia, buruta, achia.”

Alisema kweli. Mchezo huo, Solitaire, ulikuja na Windows 3.0 mwaka 1990, na wengi duniani ndiko walikozoeshea mkono. Lakini sikumsikiliza. Nikaketi mwenyewe, kidole kimoja, tangu saa mbili usiku hadi saa tano: majina 34 ya wanachama na hisa zao. Radi ikapiga upande wa Udzungwa, umeme ukakatika. Asubuhi uliporudi, halikuwapo hata jina moja.

Nikawashuku watoto. Nikamshuku fundi aliyetuuzia. Mama watoto akauliza kwa upole, “Baba watoto, ulihifadhi?”

Mimi kuhifadhi nilijua ni kutia mpunga ghalani. Kumbe ni hivyo hivyo. Unachoandika kinakaa kwanza kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme, kama mpunga ulioachwa uwanjani na wingu limetanda. Usipokiingiza kwenye diski, kimekwenda.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile naiheshimu sana. Lakini kompyuta yetu ilizungumza Kiingereza kitupu. Neno la kuhifadhi lingekuwa kwa Kiswahili, huenda ningeliona.

Mama watoto aliyaandika upya majina yote 34, akihifadhi kila mstari. Ninyi mnaotunga vitabu vya wanaoanza kompyuta, tuandikieni kwa Kiswahili, na kuhifadhi kuwe ukurasa wa kwanza. Karata msiziondoe.