Namna ya Kujenga Nyumba Kubwa kwa Matofali Machache

Una fedha za vyumba viwili na hamu ya vyumba sita. Karibu, ndugu yangu, umefika penyewe. Uko Ngara au Biharamulo, kahawa imelipa kidogo, migomba imelipa kidogo zaidi, na jirani yako ameshapaua. Usikope. Usiuze ng'ombe. Fuata hatua hizi ujenge nyumba ndogo ambayo kila apitaye ataitaja kwa heshima. Kila hatua nimeiwekea sababu, ili fundi akibisha uwe na la kumjibu.

Shika jambo moja kabla ya mengine: hakuna mtu aliyewahi kuiona nyumba nzima. Mtu huona upande mmoja, au pande mbili akisimama usawa wa kona. Zilizobaki anajijengea mwenyewe kichwani, na kazi hiyo anaifanya bure, bila kukudai mfuko wa saruji wala posho ya fundi. Wewe mpe upande mmoja mzuri. Nyingine atazikamilisha, tena kwa ukarimu.

Kwanza: amua watu watasimama wapi

Kabla ya kuchimba msingi, shinda kiwanjani siku nzima ukitazama wapitaji. Sehemu nyingi za Ngara barabara hupita juu ya mgongo wa mlima, na nyumba zimekaa mtelemkoni, chini ya macho ya watu. Hapo kinachoonekana mwanzo ni paa, basi fedha ya mapambo iende huko: bati la msauzi, kofia iliyonyooka, kingo zilizokatwa sawasawa. Kuta zinaweza kusubiri. Mahali pa tambarare mambo hugeuka. Mpitaji yuko usawa wako, paa halioni vizuri, na ukuta wa mbele ndio uso wako wote. Huo upigwe plasta na rangi mbili.

Kisha uliza: wengi wanatokea upande gani? Mtu huitazama nyumba anapoikaribia. Akishaipita, hageuzi shingo. Piga plasta ubavu ule anaokutana nao, na ubavu wa pili uache na matofali yake ya kuchoma hadi msimu ujao wa kahawa. Kama uko kando ya barabara ya malori, ile ya Lusahunga kwenda Rusumo, kumbuka kwamba dereva wa lori ameketi juu kuliko wa bodaboda. Ukuta wa ua unaomzuia wa bodaboda asione kitu, dereva wa lori anautazama kwa juu na kuona sufuria zako zote. Ongeza kozi mbili.

Pili: waache wapande

Mwalimu wa hatua hii yuko Biharamulo. Wajerumani walijenga boma lao pale mwanzoni mwa karne ya 20, wakaliweka juu ya kilima. Mtu anayepanda kilima huutazama ukuta kutoka chini. Nyuma ya ukuta kuna anga tupu, hakuna mti wala mlima wa kuulinganisha nao, na kadiri anavyosogea ndivyo unavyozidi kurefuka. Anafika akihema. Aliyeitwa pale kwa shauri la kodi alikuwa ameshapoteza nusu ya kesi kabla hajabisha hodi. Na aliyekuwa ndani, akitazama chini, aliona paa za watu, katika koloni ambalo tangu 1898 lilikuwa likitoza kodi kwa kila nyumba. Jengo lilelile, macho mawili: mmoja anaona nguvu, mwingine anaona mapato. Sikushauri urithi nia yao. Rithi kilima chao.

Huna kilima? Udongo wa matofali uchimbe mbele ya nyumba badala ya nyuma. Ukimaliza kufyatua, sawazisha shimo liwe ua mpana unaoteremka kuelekea barabarani, maji yasituame. Hapo nyumba itakuwa imesimama juu ya mwinuko ambao hukuulipia. Weka ngazi tatu mlangoni. Tatu zinatosha kumfanya mtu ainue uso.

Tatu: tumia bonde na ukungu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na Ngara imejaliwa kwayo kuliko wilaya nyingi.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika kitabu kikubwa juu ya kuona, Kitab al-Manazir, alipokuwa Misri kati ya mwaka 1011 na 1021 hivi. Humo alieleza kwamba jicho halipimi umbali kwa nguvu zake lenyewe. Akili hukisia, ikitumia vitu vilivyopangika ardhini kati yako na kile unachokitazama: jiwe, mti, ng'ombe, shamba la mtu. Ukiificha ardhi hiyo, mtazamaji anapoteza kipimo. Na asiyejua umbali hajui ukubwa, kwa sababu nyumba ndogo iliyo karibu na nyumba kubwa iliyo mbali hutoa taswira ileile machoni.

Sasa simama kwenye mlima wowote wa Ngara utazame mlima wa pili. Katikati ni bonde, na chini ya bonde huoni. Ardhi imekatika! Nyumba iliyoko ng'ambo haina kitu cha kuipimia. Kwa hiyo kama una uchaguzi wa kiwanja, chukua kile kinachotazamana na barabara kupitia bonde, na usipande miti mikubwa karibu na nyumba. Mwembe mmoja mlangoni utakuumbua, maana kila mtu anajua mwembe una ukubwa gani. Panda vichaka vifupi, vilivyopunguzwa vizuri, kwa mbali vionekane kama miti mikubwa.

Rangi nayo ina kazi. Vitu vya mbali hufifia na kuingia ubuluu, kwa kuwa hewa iliyo katikati hutawanya mwanga. Jicho limelizoea hilo, hivyo kilichofifia huhesabiwa kuwa mbali, na kilicho mbali kikaonekana kikubwa kiasi hicho lazima kiwe kikubwa kweli. Bati jekundu linaisogeza nyumba karibu na kuifanya ndogo. Chagua kijivu au buluu iliyopauka. Wageni wa heshima waite asubuhi, wakati ukungu haujainuka kutoka mabonde ya Ruvubu. Saa nne jua likishawaka, umechelewa.

Nne: njia ya kuingilia iwe nyembamba mwishoni

Roma kuna nyumba ya kifahari iitwayo Palazzo Spada. Miaka ya 1652 na 1653 Francesco Borromini alimjengea Kardinali Spada ujia wa nguzo wenye urefu wa mita 9 hivi. Ukisimama uani unaweza kuapa kwamba unazidi mita 30. Alifanyaje? Sakafu inapanda kidogo, dari inashuka, kuta zinakaribiana, na nguzo zinapungua kimo kadiri unavyoingia ndani. Mwishoni kuna sanamu inayoonekana ya kimo cha mtu, na haifiki hata mita moja.

Wewe huna nguzo, una michongoma. Getini acha upana wa hatua nane na michongoma ya kifua, mlangoni fikisha hatua nne na michongoma ya goti. Uwanja wako utarefuka ghafla, na nyumba itaonekana imejitenga na barabara kama ya mtu anayependa utulivu. Mambo mawili ya kuchunga. Mtu mzima asisimame mlangoni wakati mgeni yuko getini, ataonekana jitu na hesabu yote itavurugika. Mpokee mgeni palepale getini. Na wakati wa kuondoka, njia hiyohiyo ikitazamwa kutokea ndani huonekana fupi mno, kwa hiyo msindikize, na umzungumzishe kuhusu watoto mpaka afike barabarani.

Tano: msonge na giza lake

Wazee wetu wa Kagera walikuwa wameshatatua nusu ya matatizo haya. Msonge wa nyasi ni wa mviringo. Hauna mbele wala ubavu, hivyo mtazamaji hapati upande wa kuudharau. Hauna kona, na kona ndiyo jicho hutumia kujua chumba kinaishia wapi. Mlango wake mfupi humwinamisha kila aingiaye, mkubwa kwa mdogo.

Lakini ufundi mkubwa ulikuwa giza. Mtu anayetoka kwenye jua la saa saba akaingia msongeni, kwa dakika kadhaa haoni chochote cha maana. Macho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza kabisa. Mwenyeji aliyeketi ndani macho yake yameshazoea, na mgeni amesimama kwenye mwanga wa mlango akionekana kuanzia kofia hadi vidole vya miguu. Nani atamtawala mwenzake katika mazungumzo hayo? Chumba chenyewe kinaonekana hakina mwisho, kwa sababu ukuta wa nyuma bado haujaonekana.

Chukua somo hilo. Sebuleni weka pazia zito kwenye dirisha linaloelekea mlango. Kiti chako kiwe mwisho wa chumba, kikitazama mlangoni. Kona ya mbali ifunike kwa pazia jingine, hata kama nyuma yake kuna ukuta mtupu, na mgeni ataweka chumba cha tatu hapo bila kuulizwa. Ukuta ukiwa mnene, tengeneza vishubaka vya kuwekea vyombo, kama zidaka za nyumba za kale za Lamu. Kule vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazikuwa ndefu, na safu za zidaka kwenye ukuta wa mwisho zilivipa kina ambacho havikuwa nacho.

Zingatia pia nani anatazama. Mwaka 1966 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marshall Segall, Donald Campbell na Melville Herskovits, uliohusisha jamii nyingi, wakiwemo Wanyankole, majirani zetu wa Uganda. Watu walionyeshwa mistari miwili iliyo sawa, mmoja ncha zake zikiwa na vishale vinavyofunga, mwingine vinavyofungua. Wakazi wa Evanston, mji ulio jirani na Chicago, walidanganyika nayo zaidi kuliko karibu jamii nyingine zote. Watafiti hao walidhani kukulia kwenye nyumba za kona na mbao zilizonyooka hulifundisha jicho kusoma kila pembe kama umbali. Wataalamu wanabishania jambo hilo hadi leo. Mimi ninalichukulia hivi: kijana aliyelelewa kwenye nyumba za bati mfanyie mazingaombwe ya pembe na njia nyembamba, na bibi aliyekulia msongeni mpe kiti kizuri na chai mapema. Yeye usijaribu kumdanganya.

Sita: vile visivyo na macho

Hapa nakuomba, ndugu yangu, unisikilize kwa makini. Mdanganye mpitaji kadiri unavyoweza. Usiidanganye mvua, mchwa wala ardhi.

Barabarani hakuna anayeweza kutofautisha bati la geji 28 na la geji 30, na muuzaji analijua hilo. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, na mvua ya mawe haihitaji kuambiwa. Nunua 28, na kama fedha haitoshi, punguza chumba.

Halafu kuna huu ukuta wa kuficha bati, unaopandishwa mbele ili nyumba ionekane ya ghorofa au ya kisasa. Ni hila nzuri sana kwa jicho, na ni tofali tupu zilizosimama hewani bila kushikwa na kitu. Tarehe 10 Septemba 2016 Kagera ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 5.9. Bukoba iliumia zaidi, na zaidi ya watu 15 walipoteza maisha, wengi wakiwa wameangukiwa na kuta. Ukitaka ukuta huo, uwe mfupi. Chini yake izunguke lenta yenye nondo kuta zote nne, na nondo za nguzo zipande hadi juu. Nyuma yake weka mfereji mpana wa maji wenye mteremko, kwa sababu maji ya masika yatakusanyika hapo na yatashuka kwenye dari yako. Ukiona gharama hizo ni nyingi, acha bati lionekane. Bati linaloonekana halijamwangukia mtoto yeyote kichwani.

Saba: picha ya kutuma

Ndugu yako aliyeko Dar es Salaam au Muscat ndiye anayetuma fedha, na ataiona nyumba kwenye simu tu. Kamera ya simu huona upana mkubwa, na hukikuza kilicho karibu na kukidogosha kilicho mbali. Kwa hiyo chuchumaa. Simu iwe usawa wa goti, simama karibu na kona iliyopigwa plasta, ukuta ukimbie kuelekea mwisho wa picha. Vyumba vya ndani vipige ukiwa umebana mgongo kwenye kona, mlango wazi, bila kitanda. Piga kabla samani hazijaingia, kwa sababu kila mtu anakijua kitanda.

Naye ndugu huyo si mjinga. Ametumiwa picha nyingi na ameshajifunza. Atakuandikia akuombe umsimamishe mtu mlangoni ili apate kipimo. Usikatae, kukataa kunaleta mashaka. Ita mtoto wa jirani avae sare ya shule, asimame wima, atabasamu. Chagua wa darasa la kwanza.