Usiiwashe Kwanza: Mwongozo wa Kufufua Kompyuta ya Zamani Ukiwa Ikungi

Hatua ya kwanza katika kufufua kompyuta ya zamani ni kumtoa mpwa wako chumbani. Ni kijana mwema, ana simu nzuri, na anaamini kwamba chochote chenye waya hupimwa kwa kuchomekwa ukutani. Akiona lile boksi limetolewa uvunguni mwa kitanda cha babu yake, atauliza swali moja tu: "Mjomba, tuichomeke tuone?" Mtume dukani. Chagua duka la mbali. Uzee hauui kompyuta nyingi kama tunavyodhani. Nyingi hufa katika sekunde chache za mwanzo, mkononi mwa mtu mwenye haraka ya kuona taa.

Ukishabaki peke yako, ijue kwanza hadhi ya kitu ulichonacho. Tanzania iliijua kompyuta mapema. Mwaka 1965 Hazina ilifungiwa mtambo wa ICT 1500 kwa ajili ya hesabu za serikali. Mambo hayakwenda kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali. Kwa hiyo mwaka 1982, Waingereza walipoanza kuuziwa ZX Spectrum, nao Wamarekani Commodore 64, mashine za kuchezea sebuleni, mlango wetu ulikuwa umefungwa. Ulifunguka taratibu, pamoja na mageuzi ya uchumi. Ndiyo maana kompyuta kongwe utakayoikuta katika nyumba ya Ikungi ni lile boksi la rangi ya maziwa lenye prosesa ya 486 au Pentium ndani, lililonunuliwa au kutolewa msaada katika miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huenda ilikuwa ya mwalimu mstaafu, au parokia, au chama cha ushirika. Atatokea mtu akuambie kwamba hicho si kitu cha kale. Mjibu kwamba kale ya kompyuta za nyumbani, kwa upande wetu, ilianzia hapo, na anayetaka ya mbali zaidi aende Hazina.

Na humo ndani mna mali. Mna barua za kuombea watoto shule, orodha za michango ya harusi, hesabu za magunia ya alizeti, risala ya mahafali iliyochapwa usiku kucha. Hakuna nakala nyingine ya vitu hivyo. Kila ninachosema hapa chini kinalenga kuvitoa salama.

Sasa fungua ganda. Ikungi iko kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida, katika sehemu yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu chenye upepo. Kompyuta iliyokaa humo miaka kumi, hasa katika tembe lenye paa la udongo, imekula vumbi kuliko umeme. Usishangae ukikuta mwenyeji. Nyigu hupenda kujenga viota vya udongo katika matundu ya nyuma, pale panapochomekwa printa. Panya hupenda nyaya. Mjusi kafiri hupenda joto la pawasaplai, na mara nyingi ndiye aliyelala juu ya fyuzi iliyoungua, amekauka. Mwondoe kwa heshima zake, maana amekuonyesha shoti ilipo bila kudai ufundi.

Kwa kusafisha, chukua brashi laini ya kupakia rangi na subira. Wapo wanaobeba kompyuta hadi gereji ikapulizwe kwa pampu ya kujazia matairi. Upepo ule hutoka na maji na mafuta, hivyo kompyuta inarudi nyumbani ikiwa na tope. Wapo pia wanaopuliza feni hadi ilie kama filimbi. Feni ishikilie kwa kidole isizunguke, vinginevyo unaivunja beringi yake na kuirudishia umeme mazabodi, ule ubao mkuu. Wa mwisho ni yule anayeosha kwa sabuni ya unga na kuanika uani. Huyo naye mtume dukani, na usimwambie njia ya kurudi.

Kabla hujachomoa waya hata mmoja, piga picha. Hapa mpwa anaweza kurudi, simu yake ina kazi. Piga picha za kila soketi, kila waya, na kila kadi ilivyokaa. Kwenye mashine za kale zaidi, za mtindo wa AT, pawasaplai inaingia kwenye mazabodi kwa plagi mbili zinazofanana kabisa. Ukizibadilisha nafasi umeunguza kila kitu. Kanuni yake ni kwamba nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Na swichi ya mbele ya mashine hizo hukata umeme wenyewe wa ukutani, volti 230, kwa hiyo nyaya zinazofika pale mbele si za kushikwashikwa.

Tufike kwenye betri, kwa sababu ndiyo adui mkubwa na watu hawaijui. Mazabodi nyingi za 486 zina kijipipa cha buluu au kijani kilicholehemiwa kabisa, betri ya nikeli na kadimi ya volti 3.6, kazi yake kutunza saa na mipangilio. Miaka ikipita huvuja, na uowevu wake hula njia za shaba zilizo pembeni. Ukiona ukungu wa kijani kuizunguka, ikate siku hiyohiyo, hata kama huna muda wa kufanya jambo lingine lolote mwezi huo. Kilichovuja ni alkali, na dawa ya alkali ni asidi hafifu: siki au maji ya limao kwenye pamba, taratibu, hadi povu liishe. Kisha suuza kwa maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Soma kibandiko, maana chupa nyingine ya jirani rafuni ni maji makali, yaani asidi ya betri, na hiyo itamaliza kazi ambayo alkali iliianza. Malizia kwa spiriti ya duka la dawa na uache ikauke kabisa. Mashine za Pentium zina raha zaidi. Nyingi hutumia betri ya kitufe ya CR2032, volti 3, ambayo hutolewa kwa ukucha na kupatikana duka la saa.

Baada ya betri, tazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kuzunguka prosesa. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kikivimba au kikitoa ute wa kahawia, imekwisha. Mazabodi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 zilipata balaa hili dunia nzima, kwa sababu viwanda kadhaa vilitumia uowevu mbovu ndani ya kapasita. Kuzibadilisha ni kazi ya pasi ya kulehemu, mkono mtulivu na masharti matatu. Ujazo uwe uleule, volti zisipungue zilizoandikwa, na mstari wa upande wa hasi ukae ulipokuwa. Fundi redio mzuri anaiweza kazi hii kuliko fundi kompyuta anayejua kuweka programu tu, na Ikungi ina mafundi redio. Mpe heshima yake na malipo yake. Fundi anayesema "hii imekufa" kabla ya kufungua skrubu hata moja, mshukuru na umwache aendelee na safari yake.

Bado hujaiwasha, nami bado nasema usiiwashe. Tazama nyuma ya pawasaplai. Nyingi zina kiswichi chekundu chenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kompyuta iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani huenda bado iko 115, na ukiichomeka hivyo utasikia mlio ambao hutausahau, pamoja na harufu. Ihamishie 230. Usifungue boksi la pawasaplai kama hujui, kwa kuwa kapasita zake kubwa hubeba takriban volti 320 na zinaweza kubaki na chaji baada ya waya kuchomolewa.

Kisha ijaribu pawasaplai peke yake, ukiipitishia umeme kwenye balbu ya kizamani ya waya iliyofungwa mfululizo nayo, kazi ambayo ni ya fundi umeme. Balbu ikimweka mara moja na kufifia, ni salama. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, na balbu imekuokolea nyumba. Kwenye pawasaplai za ATX, mtindo uliofuata AT, unganisha waya wa kijani na mweusi ili iamke, halafu pima kwa mita. Volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, na volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6. Nje ya hapo, tafuta nyingine. Na kama jirani ana mashine ya kukamua alizeti, fanya kazi hii ikiwa imezimwa, au weka stabilaiza nzuri. Mota ile ikianza, umeme huyumba mtaani.

Ramu zisugue miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, kisha futa kwa spiriti. Kifutio, si msasa. Nimeona ramu zilizopigwa msasa hadi dhahabu ikaisha, na mwenyewe akijisifu kwamba zinang'aa.

Monita ya kioo kikubwa haina mjadala: usiifungue. Ndani yake mna zaidi ya volti 20,000, na kioo hushikilia chaji hata baada ya kuzimwa. Kama ni mbovu, mpelekee fundi wa televisheni mwenye mvi. Vijana hawajazikuta hizo.

Sasa, ndiyo, iwashe. Mlio mmoja mfupi kwa kawaida ni habari njema, na milio mingi ni malalamiko yenye mpangilio, ambayo maana yake hutegemea kampuni iliyotengeneza BIOS, programu ya kuamshia mashine. Ukikuta tarehe ni 1 Januari 1980, usiogope. Ndiyo tarehe ambayo mashine nyingi za ukoo huu hurudia zikipoteza kumbukumbu ya saa.

Watu wengi huharibu kazi yao yote hapa. Kompyuta imewaka, nyumba nzima inashangilia, mtu anataka gemu, mwingine anataka "iwekewe Windows mpya iende kasi". Kataa. Diski iliyolala miaka mingi inaweza kuwa inazunguka kwa mara ya mwisho. Zima, ichomoe, na uinakili kwanza. Kuna adapta ya kuunganisha diski za IDE na USB. Hupatikana Kariakoo, na basi linalopita njia kuu litakushushia mzigo wako Ikungi. Tumia Linux yenye programu ya ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima za diski na kurudia baadaye zile mbovu. Weka nakala mbili, kila moja mahali pake. Kama diski inagonga kwa kishindo, iache, usiendelee kuilazimisha. Wala usiifungue uone ndani. Pengo kati ya kichwa chake na sahani ni dogo kuliko chembe ya vumbi, na umekwisha kuliona vumbi la Ikungi.

Nakala zikishakuwa salama, ndipo ujipe raha. Mimi huiacha mashine na mfumo wake uleule, iwe Windows 95 au 98, maana kuifuta ili iwe mpya ni kuichoma maktaba ili upate rafu tupu. Ukitaka kuongeza kitu kimoja cha kuipa fahari, tafuta Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Uswidi. Wengi waliokuwa wakitumia kompyuta wakati ule hawakuwahi kuiona.

Kuhusu rangi, utashawishiwa. Ganda limekuwa la manjano kwa sababu plastiki ya ABS ilichanganywa na kemikali za bromini za kuzuia moto, nazo hubadilika rangi kwa mwanga na hewa. Wataalamu wa mambo haya hulipaka hidrojeni peroksaidi, ileile ya kupaushia nywele saluni, na kuliweka juani. Jua la Singida linatosha na kubaki. Lakini kemikali ile huunguza ngozi na macho, ikikauka huacha mabaka, na plastiki inaweza kugeuka tena. Kwa maoni yangu, osha ganda tupu kwa maji na sabuni na uliache na manjano yake. Limefanya kazi, na lionekane hivyo.

Mnunuzi wa chuma chakavu atapita, na atataka kuipima kwa kilo. Kioo cha monita kina madini ya risasi, na nyaya zikichomwa ili kupata shaba hutoa moshi wa sumu, kwa hiyo hata mashine isiyofufuka si ya kuchomea nyuma ya nyumba.

Kama kuna kompyuta ya namna hii kwenu, iwe Ikungi mjini, Puma, Issuna au Sepuka, msiiuze kabla hamjainakili diski yake. Na aliyekuwa akiitumia kama bado yupo, mwiteni akae nanyi siku mnapofungua mafaili. Kabla ya Windows 95, jina la faili kwenye mashine hizi halikuzidi herufi nane, na yeye peke yake ndiye anayejua BARUA3 aliandikiwa nani.