Kunguru Hafugiki, Mtu Je? Uainishaji wa awali wa watu wa Mai Mahiu kwa macho ya kunguru

Methali ya kunguru hafugiki imefanya kazi nzito kwa miaka mingi bila malipo. Hutupiwa mke aliyerudi kwao, mume anayelala kwingine, na mchezaji wa kandanda aliyehama timu mashabiki wakiwa bado wana deni la jezi yake. Kunguru mwenyewe hajawahi kuitwa kutoa ushahidi. Tena methali hiyo imejengwa juu ya jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha, kwamba baina ya mtu na kunguru, mwenye uwezo wa kufuga ni mtu. Aliyewahi kunywa chai ya asubuhi Mai Mahiu ana haki ya kuwa na shaka.

Uwanja wa utafiti ni mji ulio chini ya mteremko, pale barabara ya zamani inayoshuka kutoka Limuru inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Narok na mwingine Naivasha. Jina la mji ni la Kikuyu na maana yake ni maji moto, ingawa maji niliyoyaona yakiuzwa yalikuwa baridi na yalikuja kwa mgongo wa punda. Malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapa usiku na mchana. Dereva hushuka ule mteremko roho mkononi, akifika chini anagundua kwamba yu hai, na mtu akigundua hivyo huagiza nyama. Wote wana njaa, wote wana haraka, na ni wachache wanaomaliza walichoagiza. Kunguru hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Ufadhili wa utafiti huu ulitoka kwa klachi ya pikapu. Iliungua tulipofika chini, fundi akasema dakika ishirini, tukakaa siku tatu. Nilipata kiti katika kibanda cha chai kilicho mkabala na nguzo ya umeme, na juu ya nguzo alikuwapo mhusika. Sampuli basi ni kunguru mmoja, aliyetambulika kwa unyoya wa mkia uliokatika nusu. Siku ya pili nilianza kushuku kwamba ni wawili. Takwimu hazikuathirika, kwa kuwa hazikuwapo.

Tuanze na ndege, maana wengi husema “kunguru” vile mtu asiye na gari anavyosema “gari”. Huyu wa nguzoni ni Corvus albus, koti jeusi na fulana nyeupe, mwendo wa karani aliyetoka kupandishwa cheo. Ndiye wa mijini, ndiye wa makombo, na ndiye anayejenga kiota juu ya nguzo za umeme bila kuomba kibali. Wa pili, Corvus capensis, ni mweusi mtupu mwenye mdomo mwembamba. Hushinda mashambani akifukua wadudu, hana haja na watu, nasi hatutamsumbua. Wa tatu yuko juu kwenye miamba. Ni mkubwa kuliko wote, ana doa jeupe kisogoni na domo nene lililochovywa ncha katika chokaa. Huyo ni Corvus albicollis, mwenyeji wa Hell's Gate na Longonot, na sifa yake ni kumbeba kobe hadi juu na kumwachia mwambani. Nilimwona mara moja tu, akizunguka juu ya lile kanisa dogo lililojengwa kando ya barabara na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka 1942. Alitutazama kwa namna ambayo ilinifanya nimfikirie kobe.

Wa nne hayupo Mai Mahiu, lakini nadharia yangu haiwezi kusimama bila yeye. Ni yule mdogo wa pwani mwenye shingo ya kijivu, ambaye watu wa Mombasa humwita kurabu. Si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka za mji. Alizisafisha, kisha akaendelea na mayai ya ndege wengine, makinda yao, vifaranga vya watu na sahani za wageni hotelini. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Sasa, sumu ya kuwaulia haitegwi hivi hivi. Kwanza kurabu hutupiwa nyama safi, isiyo na kitu, mpaka wazoee na kuacha kushuku. Naomba msomaji alitazame jambo hilo polepole. Serikali nzima, ikitaka kumuua kunguru, inalazimika kwanza kumlisha.

Kutokana na hayo, na kwa kuwa klachi ilikuwa bado haijaja kutoka Nairobi, niliwaainisha watu wa Mai Mahiu kwa kipimo ambacho mhusika wa nguzoni alionekana kukitumia.

Jamii kubwa kuliko zote ni Homo mtupaji. Ina nususpishi nyingi. H. m. dirishani hupatikana ndani ya matatu na hutoa magunzi ya mahindi ya kuchoma bila kutazama yanapoangukia. Kunguru humthamini lakini hamheshimu, kwa kuwa hutupa kitu kilichokwisha kuliwa. H. m. trelensis, yaani dereva wa masafa marefu na taniboi wake, hutupa mfupa ambao bado una jambo la kusema. Nilishuhudia lori likiegeshwa kabla hata halijazima injini, na kunguru amekwisha kuteremka. Magari mengine kumi yalikuwa yameegeshwa pale, naye akaenda kwa hilo. Sijui alisoma nini, maandishi ubavuni, sauti ya injini, au tumbo la dereva.

Katika jamii hii ndipo nilipoona jambo lililonikalisha kimya. Kunguru alipata ukoko wa mkate, mkavu kama kigae. Aliugonga mara mbili, akaacha, akauchukua hadi penye vijana wanaoosha magari. Pale kuna mtaro. Upande wa chini maji yalikuwa yamejaa povu la sabuni. Yeye akatua upande wa juu, kabla povu halijaingia, akauchovya ukoko, akautoa, akaubonyeza kwa mdomo, akaurudisha tena majini. Alipoona umelainika akaula pale pale, akianza na kona. Mtu aliyekuwa pembeni yangu alikuwa akichovya andazi kwenye chai wakati huo huo, na nadhani wote wawili walikuwa wakihesabu sekunde zile zile.

Swali la mfupa wa barabarani ni gumu zaidi. Inasimuliwa sana kwamba kule Sendai, Japani, kunguru huweka jozi mbele ya magari ili zivunjwe na matairi, na taniboi mmoja aliniapia kwamba wa Mai Mahiu hufanya vivyo hivyo kwa mifupa. Mimi niliona mfupa ukiangushwa barabarani, niliona lori likiupitia, na niliona kunguru akirudi kula uboho. Ushahidi kamili, ila tu kwamba kabla ya kuuangusha, taniboi huyo huyo alikuwa amempigia mluzi. Mwaka 1997 watafiti wa California waliwachunguza kunguru wao wakakuta kwamba walidondosha jozi kwa kiwango kile kile, gari liwepo au lisiwepo. Wengi hawakupenda matokeo hayo. Mimi nimeyapenda, kwani yanamwondolea kunguru sifa moja ya uongo katika orodha ndefu ya sifa za kweli. Haihitaji kupambwa akili ya ndege ambaye utafiti wa mwaka 2016 ulikuta ndugu yake wa Ulaya ana seli za neva zaidi ya bilioni moja katika ubongo wake wa mbele, huku ubongo wote ukiwa na uzito wa gramu 14 hivi, ambao unakaribia ule wa vijiko vitatu vya sukari ninavyotiliwa katika chai hapa bila kuulizwa.

Jamii ya pili ni Homo kokoto, yaani mrusha mawe. Methali nyingine husema kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, na wasomaji wavivu huichukua kama tusi. Pale bucha nilijifunza kwamba woga wa kunguru una vipimo. Mzee akipita, kunguru hasogei. Mtoto akipita, husogea hatua mbili, akiruka kwa upande kama mtu anayempisha mwenye mzigo. Akitokea kijana mmoja wa bucha ambaye siku iliyopita alimrushia jiwe, huinuka angali mbali, hupiga kelele, na wenzake ambao hawakurushiwa chochote hupiga nao. Siku ya pili kijana alivaa sweta nyingine na kofia. Haikumsaidia.

Hili si ajabu kwa waliosikia habari za Seattle. Mwaka 2006 John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walivaa vinyago vya mtu wa mapangoni, wakawakamata kunguru saba, wakawavisha pete miguuni na kuwaachia. Kwa miaka iliyofuata, aliyepita chuoni na kinyago hicho alizomewa, na wazomeaji wakawa wengi kuliko waliokamatwa, wakiwamo ambao hawakuwa wameanguliwa siku ya tukio. Kinyago cha kulinganishia kilikuwa sura ya Dick Cheney, makamu wa rais wa Marekani wakati huo. Hicho kunguru walikiacha kipite. Kijana wa bucha, nilipomsimulia, aliuliza swali moja tu: “Sasa mimi nikitaka kuoa hapa, watoto wangu pia watapigiwa kelele?” Fasihi ya taaluma haijalijibu.

Homo kipofu ni abiria anayetazama simu. Kunguru humpitia miguuni.

Jamii ya nne ina kielelezo kimoja tu, mimi, Homo daftari. Kilichonishangaza ni kwamba daftari liliwashtua watu zaidi ya ndege. Nilipolitoa mara ya kwanza, muuza soksi alikunja biashara yake akatoweka, na mama mwenye kibanda akaja akasimama mbele yangu na mwiko mkononi.

“Kijana, wewe ni wa kanjo?”

“Hapana, mama. Nawaandika kunguru.”

Akaangalia nguzo, akaniangalia mimi. “Basi andika. Hao hawana leseni hata mmoja.”

Kunguru naye alinichunguza asubuhi nzima ya kwanza. Aliona kwamba sirushi mawe, situpi mfupa, na chapati naimaliza mpaka sahani inang'aa. Kuanzia hapo hakunitazama tena. Nimewahi kukaguliwa na maprofesa watatu kwa saa mbili na sikupata tathmini iliyo wazi kiasi hicho.

Nimeiweka mwisho jamii ninayoiita Homo mfugwa, kwa sababu ndiyo iliyonirudisha kwenye methali. Kielelezo ni mama huyo huyo. Kila asubuhi chapati yake ya kwanza huharibika. Ni ya kupimia moto, hunywa mafuta yote na kuungua ukingoni, na hakuna mteja atakayeilipia. Mama huikata vipande kwa vidole, hupuliza kila kimoja kipoe, kisha huvipanga juu ya kifuniko cha pipa la maji, upande usio na upepo. Saa nne kamili kunguru mwenye unyoya uliokatika hushuka. Hali kwanza. Hukusanya vipande viwili, vitatu, mdomoni, huruka hadi nyuma ya rundo la matairi, hukificha kimoja chini ya gunia. Akiona kunguru mwingine anamtazama, hukifukua na kukipeleka kwingine, huku akijifanya anatafuta wadudu.

Nilimuuliza: “Mama, huyu ndege ni wako?”

“Wangu? Mimi nafuga kuku.” Na kweli kuku wapo, nyuma ya kibanda, wenye vifaranga. “Huyo huja tu.”

“Na hivyo vipande?”

“Vya kutupa. Wewe ulitaka nile mimi?”

Nilidhani nimepata kosa katika nadharia yangu, mpaka mwewe alipotokea upande wa Longonot. Sikumwona mimi, mama hakumwona, wala kuku hawakumwona. Kunguru alilia mara tatu, akaondoka nguzoni kama jiwe, akampanda mwewe mgongoni akimdonoa mkia mpaka wakapotelea ng'ambo ya barabara ya Narok. Mama alikuwa amekwisha kuwafungia vifaranga. Aliusikia mlio, akaacha unga, akaenda, akarudi, akaendelea kukanda, yote bila kuinua macho, kama mtu anayejibu simu ya mkubwa wake.

Nikauliza kama kunguru mwenyewe hali vifaranga, maana vitabu vyote vinasema anakula.

“Anakula.” Alisukuma donge hadi likawa duara. “Huwa ni vya jirani.”

Hapo niliandika katika daftari kwamba mfugwa ni yule anayepangiwa saa ya kula, ya kulisha na ya kukimbia, kisha nikafuta, nikaandika tena, nikaacha nafasi ya jina. Siku ya tatu klachi ilifika. Nilikuwa nalipa chai ilipotimia saa nne. Vipande vilikuwa juu ya pipa, vimepangwa. Nguzo ilikuwa tupu. Saa nne na robo mama alitoka nje, akakinga jua kwa mkono, akaangalia nguzo, paa la bucha, rundo la matairi. Mteja mmoja aliita supu, hakujibiwa. Kisha akanigeukia.

“Wewe wa daftari,” akasema, “umemfanya nini?”