Kutoka Kushoto Kwenda Kushoto

Abiria wa ile kosta walicheka mpaka dereva akazima injini asipitwe na neno. Nimesimama katikati ya barabara kuu ya Tunduma, jua la saa saba utosini, nimevaa refleta ya kuazima kwa bodaboda, mkononi bendera nyekundu ambayo hadi asubuhi ile ilikuwa pazia la sebuleni kwangu. Mbele yangu askari wa usalama barabarani kashika kibali changu na anakisoma kwa sauti, kituo kwa kituo: "...kuvusha bomba la maji chini ya barabara, kutoka upande wa kushoto kwenda upande wa kushoto." Akanyamaza. Akaigeuza karatasi aone kama nyuma kuna maelezo. Hakuna. "Mzee," akaniuliza, tena kwa upole, "sasa hapa unavusha nini?"

Ni jana tu. Leo nimekwenda dukani kwa kupita uchochoroni, na bado mtoto mmoja kaniona akaniamkia: "Shikamoo, mzee Kushoto."

Bomba lenyewe ni poli jeusi la nusu inchi. Masharti ya kulivusha yalijaza ukurasa mzima. Yalitaka alama za tahadhari zenye usuli wa njano, maana njano ndiyo rangi ya kazi za muda barabarani, zikiwa na picha ya mtu na koleo. Fundi wetu wa mabango kazoea kuchora mabango ya saluni, kwa hiyo yule mtu wa koleo alitoka na nywele zilizochongwa vizuri pembeni na tabasamu la kukaribisha wateja. Yalitaka koni. Koni hatuna, tulipindua ndoo nyekundu za mama watoto tukazipanga kandokando ya shimo. Kisha yalitaka washika bendera wawili, na hapo ndipo aibu ilipozaliwa, ingawa nataka niseme kwamba hiyo kazi ya bendera ni ya akili kuliko wengi wanavyodhani.

Shimo likiwa jirani na bega la barabara, njia moja inafungwa, na magari ya pande zote mbili yanapokezana ile iliyobaki. Mshika bendera mmoja anaonyesha kijani, mwenzake anaonyesha nyekundu. Mtu yeyote anaweza kushika rangi. Ugumu uko kwenye kubadilishana: lazima uwepo muda ambao wote wawili wanaonyesha nyekundu na hakuna gari linaloruhusiwa kuingia, ili yaliyokwisha kuingia yamalizike kutoka. Muda huo wenye magari wanauchukia, maana wanaona barabara tupu mbele yao na mtu kawazuia. Lakini ndio unaofanya kazi ionekane kama kazi. Mahali ambapo washika bendera hawaonani, wako wanaompa dereva wa mwisho kijiti akipeleke upande wa pili. Kijiti kikifika, mwenzako anajua nyuma yake hakuna mtu tena. Hakuna betri, hakuna mtandao. Ningekuwa na kijiti jana, leo ningekuwa napita barabara ya mbele.

Mwenzangu alikuwa shemeji, ng'ambo ya kona, na mawasiliano yetu yalikuwa simu. Yalikwenda vizuri mpaka kifurushi chake kilipokwisha. Alichokifanya shemeji baada ya hapo amekieleza kwa familia kwa namna tofauti tofauti, lakini matokeo ni kwamba kijani kilipepea pande zote mbili, na lori la saruji na ile kosta vikakutana pua kwa pua mbele ya shimo letu. Lori haliwezi kurudi nyuma kwa sababu nyuma yake kuna malori. Kosta hairudi nyuma kwa sababu dereva wa kosta harudi nyuma. Honi zikaanza. Nikapepea pazia kwa nguvu zangu zote. Mama mmoja akafungua dirisha, akaziangalia zile ndoo, akaniita: "Baba, ndoo shilingi ngapi?" Mwenzake wa kiti cha nyuma akataka kujua kama zina mifuniko. Konda akaanza kuninadia. Hapo ndipo askari alipotokea, akaomba kibali, na nikampa kwa fahari, maana nilidhani sasa mambo yatanyooka.

Nilimwambia, "Afande, hilo ni kosa la uchapaji tu." Akaniambia kibali ni kibali, na hiki kinaniruhusu nitoe maji kwangu niyapeleke kwangu. Fundi bomba akaamriwa afukie shimo. Konda akasema hata kama sivushi, ndoo anachukua mbili.

Hili la kushoto na kulia linahitaji kuelezwa, kwa sababu mimi mwenyewe sasa limenikaa kichwani. Barabarani kushoto hakutegemei mtu alivyosimama. Barabara ina mwanzo, na kutoka mwanzo huo inahesabiwa kilomita na mita mpaka mwisho. Kila kalavati, kila daraja, kila kibao kina anwani yake kwenye hesabu hiyo. Kushoto ni kushoto kwa mtu anayetembea kuufuata mwelekeo wa hesabu inavyopanda, na kunabaki hivyo hata akigeuka, hata akirudi, hata akifa. Kama hesabu imeanzia Dar es Salaam, basi nyumba iliyo mkono wa kushoto wa anayekwenda Tunduma itaitwa ya kushoto na malori yote yanayotoka Zambia yakiiona kuliani. Ni mpango mzuri. Unaondoa ubishi wote duniani, alimradi tu anayechapa barua aweke neno "kulia" pale panapotakiwa.

Na barua hiyo haikuchapwa kwa haraka, hilo naweza kuapa. Maombi yangu yaliingia masjala ya ofisi ya barabara. Asiyeijua masjala hajaijua serikali. Barua ikifika inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye daftari, inafunguliwa jalada au inatiwa kwenye jalada lililopo, na juu pembeni inaandikwa namba yake ya folio kwa mkono. Ndani ya jalada barua zinakaa kulia, madokezo ya wakubwa yanakaa kushoto. Mkubwa anaisoma folio ya kwanza upande huu, anageukia upande ule anaandika, "Mhandisi, tafadhali shauri." Mhandisi anaandika chini yake, "Tumeona. Fundi sanifu akakague." Fundi sanifu anakagua, anaandika. Jalada linapanda tena. Mazungumzo yote ya ofisi yanafanyika humo bila mtu kufungua mdomo, na miaka ishirini baadaye mgeni anaweza kulifungua akajua nani alisema nini, lini. Jalada likiwa mezani kwa mtu na jambo la haraka likatokea, linaandikwa dokezo sabili, karatasi ya pekee inayotembea bila jalada, kisha inakuja kuunganishwa. Niliyajua haya yote kwa sababu benchi la wageni linatazamana na dirisha la masjala, na dada wa masjala alikuwa mkarimu wa maelezo. Alichokuwa hana ni jalada langu. "Limetoka, baba," aliniambia. Kwa nani? Akafungua daftari la mwenendo wa majalada, akapitisha kidole, akanionyesha: liko kwa mhandisi. Mhandisi yuko saiti. Jalada liko saiti? Hapana, jalada liko mezani kwake, lakini ofisi yake imefungwa, na ufunguo uko saiti.

Barua yangu ilianza kama zinavyoanza barua zote za nchi hii: YAH: MAOMBI YA KIBALI, na chini yake, husika na kichwa cha habari hapo juu. Iliambatana na barua ya mtendaji wa kijiji, barua ya mamlaka ya maji, na mchoro wenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa. Mhandisi alinitoza kwa muhuri huo pesa ambayo sijamwambia mama watoto mpaka leo. Ikaja kontroo namba, nikalipa. Kontroo namba ya pili ikaja, ya dhamana, nikalipa. Siku moja mfumo ulisumbua, kukawa hakuna kilichofanyika hata kwa wale wenye majalada.

Nataka niwe mkweli kwa watu wa ofisi hiyo: hofu yao juu ya koleo langu ina msingi. Lami tunayoiona ni ngozi tu. Chini yake kuna tabaka la kokoto, chini ya hilo mara nyingi kuna changarawe iliyochanganywa na saruji, kisha kifusi, kisha udongo wa asili, na kila tabaka limeshindiliwa likiwa na unyevu wa kiasi maalumu. Likiwa kavu mno haliungani, likiwa na maji mengi linateleza. Ukikata mfereji na kurudisha udongo uleule, humrudishii barabara kitu chake, hata ukiukanyaga mpaka magharibi. Maji ya masika yanaingia kwenye kiungo cha lami mpya na ya zamani, magurudumu yanayasukuma huku na huku, na kufika msimu unaofuata pana bonde au pana tuta. Ndiyo maana hawataki ukate. Wanataka uchimbe shimo huku, uchimbe shimo kule, utoboe chini kwa chini na kupenyeza bomba la chuma, kisha poli lako lipite ndani ya hilo la chuma, ili siku likipasuka ulivute bila kuigusa barabara. Nilipoelezwa hivyo nilisahau kabisa kwamba nilikuja kulalamika.

Ila kuna hesabu nyingine aliyonipa fundi sanifu yuleyule tukiwa tumekaa kivulini, na hiyo imeninyima usingizi. Kati ya 1958 na 1960, huko Illinois, Marekani, wanajeshi waliendesha malori kuzunguka barabara za majaribio mchana na usiku ili ijulikane barabara inakufaje. Ikaonekana kwamba uharibifu haupandi sambamba na uzito. Unapanda kwa takriban uzito kujizidisha wenyewe mara nne. Chukua ekseli ya lori ya tani 10 na ekseli ya gari dogo ya nusu tani: uzito umezidi mara 20, lakini uharibifu ni 20 mara 20 mara 20 mara 20, yaani 160,000. Ndiyo sababu ya mizani njiani, na ndiyo sababu sheria ya Afrika Mashariki ikaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake wote. Nikamuuliza bomba la nusu inchi lina ekseli ngapi. Akacheka, akaniambia nirudi wiki ijayo.

Tena kuna suala la hifadhi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, tukipima kutoka katikati. Waliokuwa ndani ya zile za zamani walipata X nyekundu ya kubomolewa bila fidia, waliokumbwa na nyongeza wakapata X ya kijani, ya kungojea fidia. Nyumba yangu iko nje kabisa, nimepima mwenyewe. Maji ndiyo hayawezi kuja bila kukanyaga hifadhi. Na usidhani kuna mkubwa wa kusamehewa: mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza majengo ya TANESCO na ya Wizara ya Maji pale Ubungo yawekewe X kwa kuingia hifadhini. Wizara ya Maji! Niliposikia hilo nilijua kwamba mimi na poli langu tufuate utaratibu.

Nikaufuata. Na hapa ucheshi unanikauka. Bomba kuu la maji limepita ng'ambo, na upande wetu mzima wanachota kwa kuvuka. Wanaovuka si sisi wenye refleta na mihuri. Ni watoto, alfajiri kabla ya shule, ndoo ya lita 10 kichwani, mkono mmoja juu, macho hayawezi kugeuka vizuri kwa sababu ya ndoo, na mabasi ya masafa yanapita yakishindana. Kwa kuchimba shimo kando ya barabara kwa siku moja nilitakiwa niwe na alama, koni, bendera mbili na dhamana. Kwa mtoto kuvuka hapo kila siku hakuna hata tuta. Nililisema hilo ofisini. Niliambiwa niandike barua.

Jirani yangu hakuandika. Yeye alikuja na vijana usiku mmoja wa mvua, wakatoboa kwa mpira wa maji wenye presha, ule unaolainisha udongo chini ya lami kwa namna ambayo fundi sanifu akiusikia atalia, na alfajiri bomba lake likawa linatoa. Hana folio, hana kontroo namba, hakuna askari aliyemsomea kitu. Anauza maji, na mteja wake mkubwa ni mimi.

Leo mchana nimekwenda ofisini kurekebishiwa lile neno. Haliwezi kurekebishwa. Kibali kikishatoka kimetoka. Yanatakiwa maombi mapya, na mchoro mpya wenye muhuri mpya, na safari hii mchoro uonyeshe huduma zote zilizokwisha kupita chini ya barabara ndani ya mita kadhaa kutoka kwangu. Mhandisi aliyesajiliwa kanipigia jioni. Kaja kupima, kaona bomba la jirani limechungulia kwenye mtaro, na anauliza alichore au asilichore. Akilichora, jirani anapata X, na mimi nakosa maji hata ya kununua. Asipolichora, nimeidanganya serikali kwa mchoro wenye muhuri niliougharamia mwenyewe. Wakati bado tunaongea jirani mwenyewe kagonga mlango, kaleta ndoo mbili, hataki pesa, anasema tu kwamba kasikia nina mchoro.