Sifa za Kungojea Kazi

Miongoni mwa kazi zote zinazofanyika katika Kisiwa cha Mombasa, hakuna iliyosingiziwa mengi kama kungoja: wahenga walisema huumiza matumbo, wachumi hawaitii katika hesabu, na waajiri hupita kando yake kama wasioiona, ilhali nusu ya kisiwa imejengwa nayo. Nahodha aliyetia nanga Bandari ya Kale kwa upepo wa kaskazi, mnamo Desemba au Januari, hakuwa na njia ya kurudi Uarabuni mpaka kusi ianze kuvuma mwezi wa Aprili, na katika miezi hiyo ya kukaa bure aliuza tende na mazulia, akanunua boriti za mikoko, na pengine akaoa, hata baadhi ya koo za Mji wa Kale zaweza kuhesabiwa kuwa ni matunda ya upepo uliochelewa. Mtaa wa Mwembe Tayari nao, kama wenyeji wasimuliavyo, ulipata jina lake kwa mwembe ambao wapagazi walikutanika chini yake, mizigo imekwisha fungwa, wakingoja amri ya safari ya bara.

Lakini aliyeifikisha kazi hii kileleni ni kibarua wa bandari ya Kilindini. Neno lenyewe ni udogo wa barua, kwa kuwa mtu aliyeajiriwa kwa siku, ambaye katika karne ya 19 mara nyingi alikuwa mtumwa aliyekodishwa na bwana wake, alipewa kijikaratasi ambacho alikirudisha jioni ili apate ujira, na baada ya muda jina la karatasi likamhamia mwenye kuishika. Meli haziji kama maji ya mfereji. Leo zitafika nne pamoja, kesho gati litakuwa tupu, na hasara ya kutojua huko lazima ibebwe na mtu. Kampuni za kupakua mizigo za wakati wa ukoloni ziliamua, kwa ukarimu mkubwa, kumwachia kibarua heshima hiyo. Alfajiri wanaume walijipanga langoni, na serahangi, yaani kiongozi wa genge la wapakuzi, akanyoosha kidole. Kidole hicho kilikuwa ofisi nzima: kiliajiri, kikafuta, kikalipa fadhila za urafiki, wala hakikuhitaji karani. Aliyeachwa alirudi nyumbani akiwa amekwisha fanya kazi ya saa mbili ambayo hakuna daftari lililoiandika.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba watu wanaongojeshwa mahali pamoja kila asubuhi huishia kuzungumza. Migomo ya 1939, 1947 na 1955 haikuwa mbali na mazungumzo ya namna hiyo, na ule wa 1947, ulioanza tarehe 13 Januari na kuwahusisha wafanyakazi wapatao 15,000, ulifanya mikutano yake katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Katika miaka ya 1950 vibarua wa bandari wakaandikishwa na kutakiwa wahudhurie kwa kiwango maalumu, kwa maana ilikuwa imebainika pia kwamba kibarua, akishapata shilingi za kumtosha, huenda zake shambani au kuvua bila ya kuomba ruhusa: siku nyingi yeye aliingoja meli, lakini siku nyingine meli ilimngoja yeye.

Hadhi ambayo kungoja kunaweza kuifikia kukiwa na chama na mwanasheria huonekana kwa rubani wa akiba, mtu aliyethibitisha kwamba akiba haiozi. Mashirika ya ndege, yakijua kwamba rubani anaweza kuugua au dhoruba ikavuruga ratiba, huweka kando marubani wasiopangiwa safari, ambao kazi yao ni kukaa karibu na simu. Nchini Marekani, tangu 2014, sheria haimruhusu rubani anayetakiwa kuitika kwa muda mfupi kukaa katika hali hiyo zaidi ya saa 14, na katika mashirika makubwa mkataba humhakikishia malipo ya saa 70 na ushei kwa mwezi hata asipoigusa ndege. Zinazozidi hapo hulipwa juu yake. Saa hizo huhesabiwa tangu ndege ianze kusogea mpaka isimame, hivyo dakika ambazo abiria wanahangaika na mikoba ni sadaka yake.

Kibarua wa Mombasa hana dhamana hiyo, ila sheria haikumsahau. Agizo la jumla la mishahara nchini Kenya huweka wiki ya kazi kuwa saa 52 kwa siku sita, na saa za ziada, ambazo kila mtu huziita ovataimu, hulipwa mara moja na nusu, au mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu. Lakini langoni saa huanza kuhesabiwa mtu akishachaguliwa, hivyo anaweza kuwa hoi kabla ya saa yake ya kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo humtambua kibarua kuwa ni yule anayelipwa kila mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja, ikaongeza kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, ajira yake hugeuka kuwa ya mwezi. Ndiyo sababu mwajiri mwenye huruma, akiona wiki ya nne inakaribia, humpumzisha siku mbili tatu asije akaisahau sanaa yake.

Siku hizi kidole cha serahangi kimehamia kwenye simu, na kibarua hungoja kama rubani, tofauti ikiwa ni mshahara tu. Jioni, kwenye baraza za mtaa wa Kibokoni, yaani viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba, muuza kahawa hutua dele lake la shaba, akagonganisha vikombe, akawamiminia kahawa chungu vijana watano waliokaa hapo tangu adhuhuri. Simu moja inapolia, wote watano hushika mifuko.