Ngeli za Yai: Maelezo ya Awali kwa Wapishi wa Mkate wa Mayai

Carl Linnaeus, katika chapa ya 10 ya Systema Naturae ya mwaka 1758, aliwapanga ndege kwa kutazama midomo na miguu yao. Mpango huo umewafaa sana watu wa makumbusho. Kwa mtu aliyesimama jikoni Tanga na bakuli mkononi haufai kitu, maana hakuna atiaye mguu wa bata kwenye keki. Maelezo haya yana kigezo kimoja tu: yai hufanya nini likikutana na sukari.

Chombo cha utafiti ni mkate wa mayai wa pwani. Hauna siagi wala hamira; ni mayai, sukari, unga wa ngano na iliki, basi. Kinachouinua ni hewa iliyonaswa kwenye mayai yaliyopigwa mpaka yakaumuka. Moto wa makaa, juu na chini, huitanua hewa hiyo, na protini za yai huganda kuyazunguka mapovu kabla hayajapasuka. Keki ya siagi hulisitiri yai baya. Mkate wa mayai huliumbua mbele ya wageni.

Tatizo la kwanza la kitaaluma ni kwamba mapishi yetu huhesabu badala ya kupima. Mayai sita, kikombe cha sukari, kikombe cha unga. Mtafiti akitaka ufafanuzi, hukutana na hali hii:

— Shangazi, mayai sita ya nani?

— Ya kuku, mwanangu. Kwani ulitaka yangu?

Sasa tutazame. Yai la kuku wa kisasa hukaribia gramu 60, la kienyeji mara nyingi ni 40 na kidogo, la bata hufika 70 na kupita. Kwa hiyo "sita" ya shangazi ni gramu 240, au 360, au 420, kutegemea ni nani alipita uani asubuhi ile. Unga na sukari vikibaki vilevile, tofauti hiyo yatosha kabisa kukutoa kwenye mkate na kukupa kitu cha kuzuilia mlango.

Ngeli ya kwanza ni mayai ya trei. Yana adabu, yanafanana, huja thelathini thelathini, na hayana la kusimulia. Kiini chake mara nyingi kimepauka, kwa kuwa rangi ya kiini hutoka kwenye chakula cha mtagaji, na kuku aliyelishwa mahindi meupe hana pa kuitoa. Hapo ndipo lilipozaliwa kundi la Watia-Rangi, wanaodondosha rangi ya njano kwenye bakuli ili mgeni adhani kuku alikula majani. Taaluma inawalaani. Siku ya Idi inakula kwao.

Ngeli ya pili, kienyeji, haihitaji hila hiyo: majani na wadudu wameshaifanya kazi. Kasoro yake ni umri. Kuna lililookotwa leo, kuna la jirani anayeapa kuwa ni la leo, na kuna lililokwisha kulaliwa. Maji huyatenganisha. Yai jipya hulala ubavu chini ya bakuli, lililokaa husimama, la zamani sana huelea, kwa sababu unyevu umetoka kupitia vitundu vya ganda na nafasi ya hewa ndani imekua. Hata hivyo kila yai livunjwe kwanza kwenye kikombe pembeni. Mtu aliyepasulia viza juu ya mayai matano mazima hahitaji kuelezwa sababu.

Ngeli ya tatu ndiyo iliyotuleta hapa. Bata wetu wengi wa uani, wale wenye uso mwekundu wa vinundu, asili yao ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Yai lao lina ganda zito lenye mguso wa nta, na ute mzito unaong'ang'ania ndani ya kaka mpaka uufute kwa kidole gumba. Kiini ni kikubwa na kina mafuta zaidi. Ukianza kupiga, kwanza huoni lolote ila mapovu makubwa makubwa, na wengi hukata tamaa hapo. Yai lisiwe la baridi, tia matone ya ndimu, endelea. Linachelewa, kisha linakuwa zito kwa ghafla, na mkate wake hupanda ukabaki na unyevu hata kesho yake.

Pingamizi ni shombo. Wapingaji wako wa namna mbili: wanaoisikia wakishaambiwa, na wanaoisikia bila kuambiwa. Hawa wa pili ni wachache mno. Iliki ya kutosha na ganda la ndimu lililokwaruzwa huwapunguza zaidi. Mwenye mzio wa mayai pekee ndiye wa kuambiwa kila kitu.

Suluhisho la hesabu ni mizani. Wafaransa wana keki ya robo nne, ambamo mayai, sukari, unga na siagi hulingana uzito. Kwa mkate wetu, vunja mayai ya ngeli yoyote, yapime bila maganda, kisha sukari iwe nusu ya uzito huo na unga nusu. Shangazi anasema mizani ni ya dukani.

Ngeli zilizobaki tuzipitie haraka. Yai la kanga ni gumu. Kisu hugonga mara mbili tatu kabla halijakubali, na kwa kuwa majike kadhaa hutaga kiota kimoja kichakani, umri wake ni fumbo. Kware, ambaye mwaka 2013 na 2014 aliwapandisha Wakenya wengi presha kwa bei yake na kisha kwa kuanguka kwa bei hiyo, huhitaji mayai matano kufidia moja la trei, na vipande vya ganda ni vyako kuvitafuta. Bata mzinga anafaa, ila mwenye yai lake angependa liatamiwe. Mbuni hulingana na mayai ishirini na manne hivi, yaani mikate minne, na hakuna namna ya kumfungua nusu. Kwa hiyo kabla ya kuchukua nyundo, hakikisha majirani watatu wana makaa.