Majina Matano Yaliyohama Ukoo

Kwa Waingereza jina la ukoo lilikaa nyuma, John na Mary wakitangulia. Siku hizi limekuja mbele, mama analiita uani akimtafuta mtoto. Nimeyapanga matano, tuanze chini kwenda juu. Ambaye hataridhika na mpangilio, naye apange wake.

5. Guildford
Mzee wa kundi. Guildford Dudley alimwoa Lady Jane Grey mwaka 1553, na jina lake lilikuwa la ukoo wa mama yake. Wenye ardhi waliipenda desturi hiyo: binti akiolewa jina la kwao linafifia, basi analiweka kwa mwanawe libaki hai. Akina mama wana akili! Masikini kijana alikatwa kichwa mwaka 1554, siku moja na mkewe. Jina lenyewe halikuenea sana, na silishangai. Linajaza mdomo kama tonge la ugali wa moto.

4. Edson
Brazil, 1940, mji wa Três Corações. Umeme ulikuwa bado mgeni pale, na wazazi wakampa mtoto jina la ukoo la Thomas Edison. Herufi moja ikadondoka njiani. Uwanjani ungeita Edson mpaka koo likauke. Ita Pelé uone.

3. Kelvin
Huyu kapita mlango wa nyuma. Kelvin ni mto wa Glasgow, Uskoti, unaopita chini ya chuo kikuu alikofundisha William Thomson. Mwanafizikia huyo alipopewa ulodi mwaka 1892, akachagua kuitwa kwa jina la mto. Wazazi wakalipenda, likavuka bahari, likapanda mpaka Bonde la Ufa. Oktoba 2023, Kelvin Kiptum akamaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Mto wenyewe haujawahi kukimbia hivyo! Alitutoka Februari 2024, tukiwa bado tunamshangilia.

2. Shirley
Hapa nakaa kidogo, maana kuna utamu. Shirley lilikuwa jina la ukoo na la vijiji, na likipewa mtoto, basi ni wa kiume. Mwaka 1849 Charlotte Brontë, binti wa Yorkshire, akatoa riwaya yenye jina hilo: wazazi walitarajia mvulana, akaja msichana, wakampa jina lile lile walilomwekea kaka asiyezaliwa. Kitabu kimoja tu, na jina likaanza kuvaa gauni. Mtoto wa sinema, Shirley Temple, alipovuma miaka ya 1930, mjadala ukafungwa.

Ila huko huko Yorkshire, Halifax, mwaka 1930 alizaliwa Shirley Crabtree, mwanamume, mtoto wa Shirley Crabtree, naye mwanamume. Akakua akawa Big Daddy, mpiganaji mieleka wa zaidi ya kilo 150, na vazi lake la ulingoni mkewe alilishona kwa kitambaa cha sofa. Ukitaka kumcheka jina, ungemcheka ukiwa nje ya ukumbi.

1. Nelson
Taji linakwenda hapa, sibishani na mtu. Admirali Horatio Nelson alikufa vitani Trafalgar mwaka 1805, na Waingereza wakawapa watoto wao jina la ukoo wake. Biblia nzima humpati Nelson, lakini shule za misheni zilimgawa kama mtakatifu. Huko Qunu, Afrika Kusini, mtoto wa miaka 7 aitwaye Rolihlahla alifika darasani na suruali ya baba yake iliyokatwa magotini, kiunoni imefungwa kamba. Mwalimu, Bi Mdingane, akamwambia: wewe ni Nelson.

Ukikutana leo na Nelson wa Mwanza au Machakos, muulize wajina wake ni nani. Hatakutajia meli.

London walipotaka kumsimamishia Mandela sanamu, ombi la kwanza lilikuwa Trafalgar Square, anakosimama yule admirali juu ya mnara. Halmashauri ikakataa. Mwaka 2007 ikawekwa Parliament Square, mwendo mfupi kwa miguu, na mzee wa miaka 89 akaja mwenyewe kwenye uzinduzi. Nelson mmoja ilibidi umtazame ukiinua shingo. Huyu alikuwa anapeana mikono na watu.